Mshale wa Pijo

Unapanda alfajiri.
Si mchana, si katika foleni ya feri Likoni
na jua la Februari limenikalia utosini.
Alfajiri, lami ya Makupa ingali baridi,
mikate mia na arobaini nyuma yangu chini ya turubai,
ndipo mshale unaondoka kitini,
unagusa wekundu,
unarudi kabla sijapata pa kuegesha.

Pijo hii niliachiwa na ami Shebwana:
pikapu, rangi ya maziwa yaliyokwisha kuchacha.
Aliniachia na dawa yake.
Ukipanda, gonga kioo kwa kifundo cha kidole,
mara mbili, taratibu,
kama mtu abishaye hodi kwa wakwe.
Siku nyingine ulishuka.
Nikadhani ni adabu.

Kijana wa Mwembe Tayari alisema thamostati.
Akaing'oa, akaitupa mtaroni,
nikalipa elfu mbili na mia tano.
Mshale ukapanda vilevile.
Wa pili alisema gasketi ya hedi,
akalisema kwa sauti ya daktari
anayefunga mlango kwanza.
"Elfu thelathini na mbili, dada,
na hiyo ni kwa kuwa nakujua."
Hanijui.

Miezi mitatu nikawa mtu wa kando ya barabara,
boneti wazi, madumu ya maji miguuni,
wapitao wakinipa pole kama nimefiwa.
Na maji ya rejeta hayapungui!
Hilo ndilo lililoniudhi.
Heri yangepungua, nikajua nalilia nini.
Changamwe wakaanza kununua mikate ya mwingine.

Fundi Mwachiti yuko Jomvu, nyuma ya wauza matairi.
Hakugusa boneti. Aliuliza tu,
"Hupanda saa ngapi?"
Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo.
Nikamwambia alfajiri, na magharibi nikirudi.
"Mchana je?"
"Mchana umelala."
Akacheka puani, akanawa mikono
kama mtu aliyeitwa mezani.

Aliiacha injini ingurume hadi hosi ikapata joto,
akaishika kwa kiganja, akaikamata hasa,
macho juu, midomo ikihesabu.
"Huu ni moto wa kawaida. Washa taa."
Nikawasha.
Mshale ukapanda.
"Zima." Ukashuka.
"Sasa indiketa. Ya kushoto."
Na mshale, wallahi, ukaanza kurukaruka nayo,
tik, tik,
kushoto, kushoto,
kama mtoto anayefuatisha ngoma isiyo yake.

Akaingia uvunguni, miguu tu nje, ndara zimevuka.
Akatoka na bolti ya waya wa ardhi
imeota ukoga wa kijani.
"Chumvi," akasema. "Hewa ya mji huu
inakula hata pale unapokanyaga.
Umeme nao hutaka kurudi kwao, mwanangu.
Ukiuzibia njia yake, utapita uani kwa jirani.
Taa zako zilikuwa zikipita hapa kwenye geji."
Kwa hiyo ule haukuwa moto.
Zilikuwa habari za taa.

Msasa, grisi kidogo, bolti ikakazwa.
Mia mbili.
Nilipokuwa natoa pesa akauliza,
"Thamostati yako ya zamani iko wapi?"
"Mtaroni, Mwembe Tayari."
Akanitazama kwa muda.
"Ilikuwa nzima. Sasa injini yako inakimbia na baridi.
Katafute nyingine, mafuta yanakwisha bure."

Jana alfajiri nilivuka Makupa taa zikiwaka.
Mshale ulikaa chini kabisa, umetulia,
na safari hii unasema kweli.
Kidole kikaenda chenyewe,
kikagonga mara mbili.
Kimya.
Thamostati nitanunua mwisho wa mwezi,
Changamwe wakishalipa.